Mwongozo Kamili: Kuvuna Amonia kwa Moduli ya Utando kutoka Maji ya Kutolea Chokaa kwenye Kiwanda cha Ngozi

Wanaojaribu kuvuna amonia kwa utando kwenye viwanda vya ngozi hukwama mahali pamoja. Moduli, yaani kasha la utando unaopitisha gesi ya amonia kutoka maji machafu kwenda kwenye asidi, inafungwa, siku za kwanza amonia inashuka vizuri, kisha baada ya wiki chache kasi inapungua, presha inapanda, au tangi la asidi linaanza kujaa maji machafu. Lawama zote huangukia moduli. Mara nyingi moduli haina kosa. Imeletewa maji yaliyoandaliwa kwa mpangilio uliopinduka: watu wanachuja kwanza, kisha wanapandisha pH, yaani kupunguza uasidi wa maji. Chokaa inaganda baada ya chujio, yaani ndani ya moduli yenyewe.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuandaa maji. Utando wenyewe, ukipewa maji sahihi, hauna mambo mengi.

## Maji yapi hasa

Chukua maji ya hatua ya kutoa chokaa peke yake. Ngozi ikishatoka kwenye chokaa na salfaidi, hutiwa salfeti ya amonia au kloraidi ya amonia ili chokaa itoke, na sehemu kubwa ya amonia hiyo humwagwa na maji ya dramu, lile pipa la kuzungushia ngozi. Hapo ndipo amonia ilipo nzito. Ukisubiri maji yote ya kiwanda yachanganyike kwenye bwawa, utakuwa umeizimua, umeongeza mafuta na kromu, na utalipia kostiki soda ya kupandisha pH ya maji yasiyo na kitu.

Kwa maoni yetu, chini ya miligramu 500 za nitrojeni ya amonia kwa lita, kazi hii hailipi. Maji ya suuza ya pili na ya tatu yaachie mtambo wa kawaida.

Kama kiwanda chako kinaweza kutoa chokaa kwa gesi ya kaboni dioksidi, anza na hilo, kwa kuwa linapunguza amonia kabla haijaingia majini. Utando ni kwa ajili ya amonia inayobaki kutumika.

## Kinachotokea ndani ya moduli

Majini amonia ina sura mbili: amoniamu iliyoyeyuka, isiyoweza kuruka, na gesi ya amonia. Kwenye nyuzijoto 25 na pH 9.25 ni nusu kwa nusu. Ukifika pH 10.25, karibu asilimia 91 ni gesi. Joto likipanda, sehemu ya gesi huongezeka zaidi kwa pH ileile.

Moduli imejaa vimirija vyembamba vya polipropilini vyenye vitundu vidogo mno. Plastiki hiyo inakataa maji, hivyo vitundu hubaki na hewa. Maji machafu hupita nje ya vimirija, asidi hupita ndani. Gesi ya amonia inavuka ile hewa, inakutana na asidi ya salfuriki na kugeuka salfeti ya amonia, ile ile inayouzwa kwa wakulima kama SA. Chumvi, kromu, chokaa na protini haziruki, kwa hiyo haziwezi kuvuka maadamu vitundu ni vikavu.

Shika hilo la ukavu. Karibu kila tahadhari inayofuata ni ya kulinda hewa iliyomo kwenye vitundu hivyo.

## Vifaa

Mfano wetu ni wa mita za ujazo 2 za maji kwa mkupuo mmoja.

Matangi
- Tangi la kuandalia maji, lita 2,500, lenye mfuniko, kichanganyio na kitako cha koni cha kutolea tope.
- Tangi la maji yaliyochujwa, lita 2,500, nalo lenye mfuniko.
- Tangi la asidi, lita 100, la polipropilini au poliethilini nzito, ndani ya beseni la kinga linaloweza kubeba ujazo wote likipasuka.

Moduli na pampu
- Moduli ya vimirija vya polipropilini yenye eneo la mita 20 za mraba. Nunua ile inayoweza kufunguliwa au walau kuoshwa pande zote mbili.
- Pampu mbili za sumaku, zisizo na sili ya mhimili: moja ya maji, moja ya asidi.
- Pampu ndogo mbili za kudondoshea dawa, ya kostiki na ya asidi.

Machujio
- Mfuko wa mikroni 20, kisha katriji ya mikroni 5, kisha ya mikroni 1.
- Safu ya mkaa amilifu wa chembechembe, kwa maji yenye povu.

Vipimo
- Mita mbili za pH. Ile ya upande wa maji iwe na elektrodi ya viungo viwili, kwa sababu salfaidi huharibu elektrodi ya kawaida haraka.
- Geji nne za presha: kuingia na kutoka, kila upande.
- Mita ya mtiririko kila upande, na kipimajoto.
- Kipimo cha nitrojeni ya amonia, cha rangi au cha elektrodi, kipimo cha ugumu wa maji, karatasi za asetati ya risasi kwa salfaidi, na chupa ndogo ya nitrati ya fedha.

Dawa
- Kostiki soda, myeyusho wa asilimia 30.
- Magadi yaliyosafishwa, yaani kabonati ya sodiamu, ya aina inayotengenezwa Ziwa Magadi, Kajiado. Si baikabonati ya kuumulia maandazi. Hiyo haitapandisha pH inavyotakiwa.
- Salfeti ya feri, yaani ferrous sulphate.
- Asidi ya salfuriki ya asilimia 98.
- Asidi ya sitriki kwa usafi.

Mabomba na sili. Tumia PVC au polipropilini. Shaba na brasi haziruhusiwi popote, hata kwenye koki ndogo ya sampuli, kwa sababu amonia inazila. Alumini na bomba la mabati haviwezi kustahimili kostiki. Kwa sili tumia mpira wa aina ya EPDM. Mpira wa Vitoni, ambao wengi huuchukua kwa sababu ya asidi, huharibika upande wenye amonia na kostiki.

Kinga. Miwani inayoziba pembeni, ngao ya uso, glavu ndefu za mpira, aproni, maji ya dharura ya kuoshea macho, na vitambuzi viwili vya gesi: kimoja cha amonia, kimoja cha haidrojeni salfaidi. Hicho cha pili ni lazima. Gesi hiyo hunuka mayai viza ikiwa kidogo, lakini ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kuisikia kabla haijamuua mtu.

## Hesabu kabla ya kununua

Tuseme maji yana miligramu 2,000 za nitrojeni ya amonia kwa lita. Mita za ujazo 2 zina kilo 4 za nitrojeni. Ukivuna asilimia 90, unapata kilo 3.6.

Asidi: kila kilo ya nitrojeni inahitaji kilo 3.5 za asidi ya salfuriki kamili. Hapa ni kilo 12.6, sawa na lita 7 hivi za asidi ya asilimia 98.

Mazao: kila kilo ya nitrojeni inatoa kilo 4.71 za salfeti ya amonia. Hapa ni kilo 17, au takriban lita 59 za myeyusho wa asilimia 25.

Kostiki: kinadharia kilo 2.86 kwa kila kilo ya nitrojeni, lakini usinunue kwa namba hiyo. Sehemu ya amonia tayari ni gesi, magadi yanachangia, na vitu vingine majini vinakula kostiki. Kiasi halisi kinatoka kwenye jaribio la chupa hapo chini. Kostiki ndiyo gharama kubwa kuliko zote, kwa hiyo ipimwe.

Muda: kwa kuzungusha mkupuo uleule, chukua logi asilia ya mkusanyiko wa mwanzo uliogawanywa kwa wa mwisho, zidisha kwa ujazo, gawanya kwa eneo la utando mara kasi ya kuvuka. Kwa kasi ya mita 0.000005 kwa sekunde, ambayo ni makadirio ya tahadhari, asilimia 90 inachukua saa 13 hivi kwa moduli yetu. Asilimia 99 inachukua mara mbili ya hapo. Fikiria vizuri kama hizo asilimia 9 za mwisho zina thamani ya usiku mwingine wa umeme.

## Hatua ya 1: Kusanya maji yakiwa bado ya moto

Maji ya kutoa chokaa hutoka kwenye dramu yakiwa na joto la nyuzijoto 30 hadi 35. Joto hilo ni la bure na linaongeza kasi. Yapeleke moja kwa moja kwenye tangi lenye mfuniko, usiyaache mferejini.

Mwambie msimamizi wa dramu mambo mawili. Kwanza, maji yatoke kabla ya vimeng'enya vya kulainisha ngozi kutiwa, kama mpangilio wa kazi unaruhusu. Pili, pasitiwe sabuni ya kuondoa mafuta kabla ya maji haya kutolewa. Sabuni kidogo tu inashusha mvutano wa uso wa maji, nayo maji yakishapoteza mvutano huo huingia kwenye vitundu.

Ondoa mafuta yanayoelea na nywele kwa chekeche na kijiko cha mafuta.

Umefanikiwa ikiwa: ukitikisa chupa nusu ya maji kwa sekunde 10, povu linavunjika ndani ya dakika moja au mbili. Povu likikaa, panga kutumia mkaa amilifu.

## Hatua ya 2: Funga salfaidi

Chovya karatasi ya asetati ya risasi. Ikiwa nyeusi, salfaidi ipo. Pima kiasi.

Kwenye pH ya juu salfaidi haivuki utando, kwa hiyo haiharibu mazao. Hatari ni siku ambayo maji haya yatakutana na asidi: utando ukipasuka, vali ikifunguliwa vibaya, au wakati wa kuosha. Hapo gesi ya haidrojeni salfaidi itatoka ghafla.

Tia salfeti ya feri, kilo 8.7 za ile ya fuwele kwa kila kilo ya salfaidi, na ongeza asilimia 20. Kwa miligramu 30 kwa lita kwenye mita za ujazo 2, hiyo ni gramu 630 hivi. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji, kisha mimina polepole huku kichanganyio kikizunguka, pH isishuke chini ya 8. Maji yatageuka meusi. Ni salfaidi ya chuma inayojitenga.

Usitumie klorini wala haidrojeni peroksidi hapa. Mabaki yake hula polipropilini na kuifanya iache kukataa maji.

Umefanikiwa ikiwa: karatasi mpya inabaki nyeupe.

## Hatua ya 3: Toa chokaa, kisha pandisha pH

Hii ndiyo hatua inayoamua umri wa moduli. Anza na jaribio la chupa.

Chukua lita 1 ya maji kutoka tangini. Tia magadi kwa kiwango cha gramu 2.65 kwa kila gramu ya kalsiamu uliyopima. Kama kalsiamu ni miligramu 600 kwa lita, ni gramu 1.6. Koroga dakika 15. Kisha dondosha kostiki kwa sirinji hadi pH 10.5, ukiandika mililita ulizotumia. Funika chupa, amonia isitoroke.

Acha saa 2. Tope litatua chini, jeupe au la kijivu. Chukua maji ya juu, chuja kwa karatasi ya mikroni 1, weka kwenye chupa safi ya kioo, funga kabisa, iweke mahali penye nyuzijoto 40 usiku kucha.

Asubuhi pitisha kidole ndani ya ukuta wa chupa. Kama kuna ukungu mweupe au mchanga mlaini unaokwaruza, chokaa bado inaganda. Ukoko uleule ungekuwa juu ya vimirija. Ongeza magadi kwa asilimia 10 na urudie. Ukuta ukiwa laini na maji yang'ae, kipimo chako ni sahihi.

Sasa fanya hivyohivyo tangini: magadi kwanza, dakika 30 za kukoroga, kisha kostiki polepole hadi pH 10.5. Kwa lita 2,000, zidisha mililita za chupa kwa 2,000. Mfuniko uwe umefungwa na bomba la hewa lipite kwenye chombo kidogo cha asidi dhaifu, kwa sababu kuanzia pH 9 amonia inaanza kutoka. Kikomo cha muda mfupi kwa mfanyakazi ni sehemu 35 kwa milioni za hewa.

Kwa nini 10.5? Kwenye nyuzijoto 35 karibu asilimia 97 ya amonia tayari ni gesi. Ukipanda hadi 12 unachoma kostiki kwa faida ya asilimia 2 au 3, na maji ya mwisho yatahitaji asidi nyingi kuyarudisha.

Kwa nini usitumie chokaa ya bei nafuu kupandisha pH? Kwa sababu umetumia hatua nzima kutoa kalsiamu, nayo chokaa inairudisha.

## Hatua ya 4: Acha litue, ndipo uchuje

Subiri saa 2 hadi 3. Toa tope kwa chini. Pampu ivute kutoka juu ya tope, si kwenye kitako.

Pitisha kwenye mikroni 20, 5, na 1, kisha mkaa kama povu lilikuwepo. Mkaa ukitumika, weka katriji nyingine ya mikroni 1 baada yake, maana vumbi lake ni jeusi na linaziba.

Kisha jaribio la tone. Weka tone la maji haya juu ya kipande kikavu cha utando bapa wa polipropilini, chini yake pakiwa na karatasi ya chujio. Subiri nusu saa. Tone libaki duara kama kwenye jani la mgomba, na karatasi ya chini ibaki kavu. Likitandazika au karatasi ikipata doa, usipeleke maji hayo kwenye moduli kwa hali yoyote. Rudi kwenye mafuta na sabuni.

## Hatua ya 5: Pima moduli kabla ya kuiingizia asidi

Moduli ikiwa kavu, jaza maji safi upande wa nje kwa presha ya nusu bar kwa saa moja. Mdomo wa chini wa upande wa ndani uwe wazi juu ya beseni.

Jasho jepesi mdomoni ni mvuke, ni kawaida. Matone yanayofuatana ni uvujaji. Moduli ya namna hiyo rudisha kwa muuzaji.

## Hatua ya 6: Andaa asidi

Weka lita 40 za maji safi kwenye tangi la asidi. Mimina lita 2 za asidi ya asilimia 98 taratibu sana, ukikoroga. Asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Myeyusho utapata moto. Ngoja upoe hadi ukaribie joto la maji machafu.

Tumeanza na lita 40 badala ya 50 kwa makusudi. Mvuke wa maji nao unavuka utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi au wenye baridi, hivyo tangi hili litaongezeka lenyewe. Asidi ikiwa baridi kuliko maji machafu kwa nyuzijoto 10, utapata mazao mepesi yasiyofaa.

Usiweke asidi ya naitriki ukifikiria mbolea bora. Inatoa nitrati ya amonia, ambayo ni malighafi ya baruti na hudhibitiwa kisheria, na asidi yenyewe inashambulia polipropilini.

## Hatua ya 7: Washa kwa mpangilio

1. Washa pampu ya maji machafu kwanza. Toa hewa yote juu ya moduli. Weka mtiririko wa mita za ujazo 1 hadi 3 kwa saa, ndani ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji.
2. Washa pampu ya asidi, lita 300 hadi 600 kwa saa, ikienda kinyume na mwelekeo wa maji.
3. Rekebisha vali hadi presha ya maji iwe juu ya ya asidi kwa bar 0.2 hadi 0.5.

Hapo kwenye presha ndipo mafundi wazuri wanapokosea. Wanalinganisha geji mbili za kuingilia. Kwa kuwa mikondo inapingana, mahali maji yanapotokea, yakiwa na presha ndogo kuliko kwingine, ndipo asidi inapoingilia ikiwa na presha kubwa. Linganisha geji ya kutoka ya maji na geji ya kuingia ya asidi. Hiyo tofauti ndiyo isiwe hasi.

Tunataka maji yawe juu ili asidi isitorokee kwenye maji machafu. Kikitokea kivujio, utakiona kwenye tangi dogo la asidi, ambalo unalipima kila saa.

Kuzima ni kinyume: asidi kwanza, maji mwisho.

## Hatua ya 8: Endesha na andika namba

Mita ya pH ya maji isawazishwe kwa myeyusho wa 7 na 10. Ya asidi kwa 4 na 7. Mita iliyosawazishwa kwa 4 na 7 peke yake itakudanganya ukiwa kwenye 10.5.

Kadiri amonia inavyoondoka, pH ya maji inashuka. Weka pampu ya kostiki iongeze ikifika 10.2. Upande wa asidi, ongeza asidi pH inapofika 2. Usingoje 4, kwa sababu kutoka hapo inaruka haraka na amonia itaanza kuacha kuvuka.

Kwa mfano wetu, namba za kutarajia ni hizi:

- Mwanzo: miligramu 2,000 kwa lita
- Saa 4: karibu 970
- Saa 8: karibu 470
- Saa 13: karibu 200

Namba zako zikiwa pungufu ya hizi, ni vizuri. Moduli ina kasi zaidi ya makadirio. Cha kuangalia ni kwamba kila saa 4 zinapunguza kwa uwiano uleule. Uwiano ukidhoofika katikati ya mkupuo, angalia pH ya pande zote mbili kabla ya kushuku utando.

Kila saa chukua mililita 1 kutoka tangi la asidi, izimue mara 10 kwa maji yaliyokenekwa, dondosha tone la nitrati ya fedha. Maji ya kiwanda cha ngozi yamejaa chumvi, na chumvi haivuki utando mzima. Sampuli ikibaki angavu, uko salama. Ikiwa na wingu jeupe, maji machafu yanavuja: zima mara moja, asidi kwanza, na angalia kitambuzi cha haidrojeni salfaidi kabla ya kufungua chochote.

## Hatua ya 9: Maliza mazao

Ukishatumia lita 7 hivi za asidi, pamoja na zile 2 za mwanzo, acha kuongeza. Amonia inayoendelea kuvuka itapandisha pH yenyewe. Simamisha ikiwa kati ya 4 na 5. Ukizidi 5.5, mazao yataanza kunuka amonia na kuipoteza.

Usifukuzie myeyusho wa asilimia 40. Karibu na hapo salfeti inaanza kuganda, na ikiganda ndani ya kimirija haitoki kirahisi. Asilimia 25 hadi 30 inatosha.

Matumizi bora ni kurudi kwenye dramu. Kama mapishi yako yanataka asilimia 2 ya salfeti ya amonia kwa uzito wa ngozi, kilo 1,000 za ngozi zinahitaji kilo 80 za myeyusho wa asilimia 25, karibu lita 70. Punguza maji ya dramu kwa kiasi hicho. Kabla ya kumimina, pima pH tena. Myeyusho wenye pH 1 au 2 ukikutana na ngozi iliyotoka kwenye salfaidi utatoa gesi ya sumu ndani ya dramu, mbele ya mfanyakazi anayefungua mlango.

Ukitaka kuuza kama mbolea, hiyo ni bidhaa nyingine: utahitaji usajili wa TFRA, mamlaka ya mbolea, kwa Tanzania au viwango vya KEBS, shirika la viwango, kwa Kenya, na vipimo vya maabara.

Maji yaliyobaki bado yana pH ya 10 na zaidi. Hayaendi mtoni wala kwenye bomba la majitaka hivyo. Yatumie kuzimua makali ya maji yenye asidi ya kiwanda chenyewe, polepole, kwenye tangi lenye hewa nzuri, baada ya karatasi ya asetati ya risasi kubaki nyeupe. Kisha yaendelee na mtambo wa kawaida hadi yafikie masharti ya kibali chako cha mamlaka ya mazingira.

## Kuosha na kulaza moduli

Kila baada ya mkupuo, suuza upande wa maji kwa maji safi dakika 15. Usilaze moduli usiku ikiwa na maji machafu ndani.

Presha kati ya kuingia na kutoka ikipanda kwa asilimia 20 kuliko siku ya kwanza, osha:

1. Toa asidi yote upande wa ndani na uusuuze.
2. Zungusha kostiki ya asilimia 2, nyuzijoto 40, dakika 45. Hii inatoa protini na mafuta.
3. Suuza hadi pH ikaribie 8.
4. Zungusha asidi ya sitriki ya asilimia 2 hadi 3, dakika 45. Hii inayeyusha ukoko wa kabonati.
5. Suuza.

Ukianza na asidi, protini itaganda juu ya vimirija, na kama kuna salfaidi iliyobaki utaivuta wewe mwenyewe. Ukoko wa jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, hauondoki vizuri kwa sitriki. Dawa yake ni hatua ya 3 kufanywa sawasawa.

Usitumie sabuni ya unga, ya maji, wala spiriti. Sabuni inabaki kwenye vitundu na kuvilowesha.

## Utando ukilowa

Dalili ni tatu, na huja pamoja: wingu la nitrati ya fedha kwenye sampuli ya asidi, tangi la asidi linaongezeka haraka, na pH yake inapanda bila amonia kupungua sana kwenye maji. Tangi likiongezeka bila wingu, ni mvuke tu: punguza tofauti ya joto kati ya pande mbili.

Moduli iliyolowa huokolewa mara nyingine. Ioshe kama ilivyoelezwa, suuza kwa maji yaliyokenekwa, kisha pitisha hewa kavu isiyo na mafuta pande zote mbili kwa saa 24 au zaidi, isizidi nyuzijoto 40. Hewa ya kompresa ya gereji haifai, kwa kuwa ina matone ya oili. Rudia jaribio la hatua ya 5. Ikipita, irudishe kazini kwa presha ya chini zaidi. Ikidondosha tena, vitundu vimeharibika, nayo haitapona. Chukua moduli mpya, lakini kabla ya kuifunga rudia jaribio la tone na la chupa kwa maji ya wiki hiyo.